Printa iliyogoma kutoa wino mweusi baada ya likizo ya Juni: uchambuzi wa kisa cha steshenari moja ya Dodoma

Katika wiki ya kwanza ya Julai niliitwa kwenye steshenari moja ndogo jijini Dodoma, jirani na shule mbili, ambako printa ya wino ilikuwa imegoma kutoa rangi nyeusi. Mashine yenyewe ni ya matangi, yaani ile ambayo wino humiminwa kutoka kwenye chupa badala ya kubadilishiwa katriji, na ilikuwa imetumika kwa miaka miwili na miezi kadhaa. Mwenye duka ni mama wa makamo anayesaidiwa na binti yake, na riziki yao kubwa hutokana na mitihani ya shule, barua za maombi ya kazi na nakala za vyeti, kazi ambazo karibu zote huhitaji wino mweusi. Alinieleza shida kwa sentensi moja: "Fundi, rangi zinatoka zote, lakini nyeusi haiachi hata alama." Kisha akaongeza kwamba mwalimu mmoja alikuwa amemwachia mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, nao ulitakiwa shuleni baada ya siku nne.

Kabla yangu alikuwa ameshaita fundi mwingine, ambaye aliiendesha mashine mara mbili tatu, akatamka kwamba kichwa cha kuchapia, yaani sehemu yenye vitundu vinavyorusha wino kwenye karatasi, kimekufa, na akataja bei ya kichwa kipya iliyokaribia nusu ya bei ya printa mpya. Kabla ya fundi huyo, binti alikuwa ameamuru mashine isafishe kichwa mara saba mfululizo kwa kutumia kompyuta, bila mabadiliko yoyote. Nayaweka mambo haya mawili mwanzoni kwa sababu, kwa uzoefu wangu, mashine nyingi za wino hazifi kwa hitilafu iliyozileta kwa fundi, bali hufa kwa majaribio ya pupa yanayofuata hitilafu hiyo. Kwa hiyo nilikataa kubonyeza chochote kabla ya kuuliza.

Niliuliza maswali matatu. La kwanza lilikuwa lini mashine ilichapa mweusi vizuri kwa mara ya mwisho, nikajibiwa kwamba ni mwishoni mwa Mei, wakati wa mitihani ya kufungia muhula. La pili lilikuwa kama wino mweusi uliwahi kushuka chini ya mstari wa chini wa tangi. Mama alisita, lakini binti alikiri kwamba siku mbili za mwisho walichapa huku tangi likionekana karibu tupu, kwa kuwa foleni ya walimu ilikuwa ndefu na chupa mpya ilikuwa bado haijanunuliwa, na kwamba tangi hilo walilitia wino Julai, duka lilipofunguliwa tena. Swali la tatu ndilo lililokuwa na uzito kuliko yote, yaani printa ilizimwaje kabla ya likizo. Jibu lilikuwa kwamba umeme wa LUKU uliisha jioni moja katikati ya kazi, wakafunga duka, wakachomoa waya wa ekstensheni kwa tahadhari ya moto, na mashine haikuwashwa tena kwa takribani wiki nne.

Umuhimu wa jibu hilo unaonekana tukiangalia mahali kichwa cha kuchapia hulala. Printa ya wino ikizimwa kwa kitufe chake, kichwa hurudi upande wake wa maegesho na kufunikwa na kikofia cha mpira chenye sponji ndani, ambacho huzuia hewa isikaushe wino kwenye vitundu. Umeme ukikatika ghafla, kichwa hubaki pale kilipokuwa, wazi, huku kikofia nacho kikiwa wazi kikipigwa na vumbi. Vitundu vya wino katika mashine kama hii vina upana unaokaribia mikroni 20, ilhali unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi, na tone linalotoka ni dogo mno kiasi kwamba linaweza kukauka ndani ya muda mfupi likiachwa kwenye hewa kavu. Juni ya Dodoma ni kipindi cha kiangazi, cha upepo na vumbi, hewa ikiwa kavu kuliko wakati wa mvua. Wiki nne za hali hiyo zinatosha kabisa kuleta madhara.

Baada ya maswali niliwasha mashine na kuchapa ukurasa wa kupima vitundu kwa kutumia vitufe vya printa yenyewe, pasipo kompyuta. Hatua hii hutenganisha pande mbili za tatizo, kwa kuwa ukurasa huo ukitoka na kasoro ile ile, basi kompyuta, programu yake ya printa na mipangilio ya hati vyote vimeondolewa kwenye orodha ya washukiwa. Ukurasa ulitoka ukiwa na ngazi, yaani vistari vilivyopangwa kama ngazi, kila kimoja kikichorwa na kitundu chake: zilikuwa kamili za buluu ya sayani na za wekundu wa majenta, ngazi za njano zikiwa na mapengo matatu madogo, na mahali pa mweusi karatasi ikiwa nyeupe tupu.

Karatasi hiyo nyeupe ndiyo iliyonifanya nianze kutilia shaka hukumu ya kichwa kufa. Aina hii ya mashine ina vitundu 180 vya wino mweusi na 59 vya kila rangi nyingine. Ukavu ukiziba vitundu, mara nyingi huziba baadhi na kuacha vingine, hivyo ngazi za kipimo huonekana zimemeguka huku na huku, kama kitana kilichong'oka meno. Safu nzima ya vitundu 180 ikitoweka pamoja bila kuacha hata mstari mmoja, mimi hufikiria kwanza kwamba wino haufiki kabisa kwenye kichwa, pili kwamba umeme wa safu hiyo umekatika, na tatu tu ndipo nifikirie kuziba kwa kila kitundu. Mapengo matatu ya njano nayo yalikuwa na neno la kusema, kwa sababu usafishaji wa mara saba ungepaswa kuyaondoa. Kama mara saba hazikuweza hata kuzibua vitundu vitatu vya njano, huenda usafishaji wenyewe haukuwa ukifanyika.

Niliinua mfuniko na kumulika mirija inayotoka kwenye matangi kwenda kwenye kichwa. Mirija mitatu ilijaa wino bila kukatika. Mrija wa mweusi ulikuwa na mapande ya wino yaliyotenganishwa na hewa, na pande moja la hewa lilikuwa refu kuliko kidole changu cha kati. Hapo maelezo ya binti kuhusu tangi lililokaribia kukauka yalipata mahali pake. Wino ukishuka chini ya mstari uliowekwa, mashine huanza kuvuta hewa pamoja na wino, na kwa kuwa katika mashine hii matangi yapo chini ya kichwa, kichwa kinapobaki wazi bila kikofia, wino uliomo kwenye mrija unaweza kurudi polepole kwenye tangi na kuiachia hewa nafasi yake. Kutia wino tangini Julai hakukuondoa hewa hiyo, kwa maana wino mpya ulikaa nyuma yake.

Ili nisitegemee macho peke yake, nilikunja kitambaa cha karatasi kisichochambuka, nikakilowesha kidogo, nikakilaza chini ya kichwa kwa dakika kumi. Kilipotoka kilikuwa na michirizi ya rangi tatu, na mahali pa mweusi palikuwa na kivuli cha kijivu tu. Jaribio hili dogo lina thamani kubwa sana. Laiti mweusi ungetoka kwa wingi kwenye kitambaa na bado ukurasa wa kipimo ukawa mtupu, ningekubaliana na fundi aliyenitangulia kwamba hitilafu ni ya umeme wa kichwa au ya bodi, maana wino ungekuwa umefika lakini hausukumwi. Kwa kuwa wino haukufika, kichwa kilikuwa hakijapewa hata nafasi ya kuonyesha kama ni kizima.

Lilibaki swali la usafishaji usiofanya kazi. Watu wengi huamini kwamba agizo la kusafisha kichwa husukuma wino kutoka juu, kumbe katika mashine hizi pampu ndogo iliyo chini ya kikofia ndiyo hufyonza wino kupitia vitundu na kuutupa kwenye sponji la wino mchafu. Ufyonzaji huo hutegemea kingo za kikofia kukaa sawasawa kwenye uso wa kichwa, kama mdomo wa mtoto unavyolazimika kufumba vizuri ndipo anyonye. Nilikisogeza kichwa pembeni na kukiangalia kikofia. Ukingo wake mmoja ulikuwa na ukoko mgumu wa wino uliochanganyika na vumbi, na sponji lake lilikuwa kavu. Nilidondoshea humo maji kwa bomba la sindano, mililita mbili hivi, nikarudisha kichwa mahali pake na kuagiza usafishaji mmoja. Nilipofungua tena, maji yalikuwa bado yametulia pale pale. Usafishaji wa mara saba ulikuwa umefyonza upepo wa dukani kupitia ule ukingo.

Kufikia hapo ugonjwa ulikuwa umejulikana, nao haukuwa mmoja. Hewa iliingia kwenye mrija mwishoni mwa Mei kwa sababu ya wino mdogo. Kichwa na kikofia vikabaki wazi kwa wiki nne kwa sababu ya kuzimwa bila kitufe. Na ukoko wa kikofia ukaifanya dawa ya kawaida isifanye kazi. Kila tatizo kati ya hayo peke yake lingetibika kwa urahisi, lakini yakikutana hutoa sura ya kichwa kilichokufa, na sioni haya kusema kwamba hata mimi, miaka ya nyuma, ningeitoa hukumu hiyo hiyo.

Matibabu yalianzia kwenye kikofia, si kwenye kichwa. Nilitumia maji ya betri, nikimaanisha yale safi ya kuongezea na si ya asidi, na yeyote atakayefuata njia hii ahakikishe kwa kusoma chupa kabla ya kufungua. Maji ya bomba sikuyatumia. Sehemu kubwa ya maji ya Dodoma hutoka kwenye visima vya Makutupora, nayo ni maji yenye madini. Yakikauka huacha utando mweupe, na utando huo ukikaa kwenye kitundu cha mikroni 20 utakuwa umeleta kizuizi kibaya kuliko kile ulichokuja kukiondoa. Watu wa Pwani wenye visima vya maji ya chumvi wana sababu kubwa zaidi ya kujihadhari. Siki na spiriti za dukani nazo niliziacha, kwa sababu mpira wa kikofia unaweza kukakamaa, na mpira uliokakamaa haufumbi tena. Nililainisha ukoko kwa robo saa, nikaufuta taratibu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, nikakisafisha pia kile kipande cha mpira kinachopangusa uso wa kichwa, kisha nikarudia jaribio la maji. Mara ya kwanza yalipungua nusu. Baada ya kufuta tena pembe moja iliyokuwa imenipita, yalifyonzwa yote.

Mama aliuliza kwa nini nisichukue bomba la sindano na kusukuma maji moja kwa moja kwenye kichwa, kama alivyowahi kuona ikifanywa. Swali lake lilikuwa la haki na nilimjibu kwa kirefu. Kichwa cha mashine hii hutumia vipande vya piezo, yaani vitu vinavyojikunja vikipitishiwa umeme na kulisukuma tone nje, na nyuma ya vitundu kuna utando na vichujio vyembamba sana. Mkono wa mtu ukisukuma sindano hutoa shinikizo kubwa kuliko vitu hivyo vinavyoweza kustahimili, na wino wa rangi moja unaweza kulazimika kuingia kwenye njia ya nyingine. Njia hiyo ninaiacha iwe ya mwisho, wakati kichwa kimeshahesabiwa kuwa hasara.

Niliongeza wino mweusi hadi tangi likapita nusu, kwa kuwa usafishaji mzito, yaani ule unaofyonza wino mwingi kuliko wa kawaida, huhitaji tangi liwe na angalau theluthi moja ya ujazo wake, la sivyo huvuta hewa mpya. Kisha niliagiza usafishaji wa kawaida mara moja huku nikiutazama mrija. Kwa mara ya kwanza mapande ya hewa yalisogea. Usafishaji wa pili uliyasogeza hadi karibu na kichwa, na ukurasa wa kipimo uliofuata ulikuwa na mistari ya kwanza ya mweusi, iliyokatikakatika, karibu theluthi ya ngazi zote. Binti alipiga makofi. Mimi nilifarijika pia, kwa sababu mistari ile ilithibitisha kwamba umeme wa safu ya mweusi ulikuwa mzima.

Hapo ndipo penye kishawishi kikubwa cha kuendelea kubonyeza, na hapo ndipo niliposimama. Kila usafishaji hutumia wino wa rangi zote, hujaza sponji la wino mchafu, na huongeza hesabu ambayo mashine huitunza hadi siku itakapokataa kufanya kazi kwa madai kwamba sponji limejaa. Zaidi ya hayo, mapovu madogo yaliyobaki ndani hayaondoki kwa kufyonzwa mfululizo, yanahitaji utulivu. Niliagiza usafishaji mzito mara moja tu, nikaizima mashine kwa kitufe, nikaomba isiguswe kwa saa 12.

Mtihani wa mwalimu haukungojea. Kwa kuwa muda ulikuwa unayoyoma, tulikuwa tumekubaliana na binti, kabla ya kuanza kupumzisha mashine, kwamba kurasa za kwanza za kusahihishwa na mwalimu zichapwe kwa kubadili rangi ya maandishi kwenye hati kuwa buluu. Zilisomeka vizuri, naye mwalimu akafanya masahihisho yake jioni hiyo. Njia hii haifai kwa nakala mamia, kwa sababu wino wa rangi ungeisha haraka, lakini inafaa kuokoa siku. Katika mashine yenye kichwa cha joto ningeikataza kabisa isiwe kisingizio cha kuendelea kuchapa huku safu moja ikiwa kavu. Vichwa hivyo, vinavyotumiwa na kampuni kama Canon na HP, huupasha wino moto hadi povu lisukume tone, na wino wenyewe ndio unaokipoza kichwa. Kikiagizwa kuchapa bila wino, vipasha joto vyake vidogo huungua. Kichwa cha piezo huvumilia ukavu vizuri zaidi, ingawa hakina kinga ya milele.

Asubuhi ya siku ya pili ukurasa wa kipimo ulionyesha ngazi za mweusi zikiwa kamili isipokuwa mapengo tisa. Mapengo ya njano yalikuwa yametoweka. Sikusafisha tena. Niliagiza zichapwe kurasa 20 zenye maandishi meusi mazito, kwani tone linalopita hulainisha kilichoganda kuliko pampu inavyofanya, na baada ya hapo yakabaki mapengo manne. Mapengo manne kati ya vitundu 180 hayaonekani kwenye maandishi ya kawaida, ila yanaweza kuonekana kwenye picha au kwenye eneo pana lililojazwa mweusi. Nilimweleza mama wazi kwamba mashine imepona kwa kazi yake, lakini si kama ilivyotoka dukani, na nikamwachia aamue kama anataka niendelee. Alichagua kuchapa mtihani. Nakala zilifika shuleni siku moja kabla ya muda.

Kuna jambo ambalo kisa hiki kisipokuwa na tahadhari kinaweza kumpotosha msomaji. Wino wa mashine hii ni wa rangi iliyoyeyuka, kwa mweusi na kwa rangi nyingine. Katika printa nyingi za matangi za Canon na HP, mweusi peke yake ni wino wa chembe ndogo zinazoelea, ambazo hustahimili maji vizuri kwenye karatasi lakini hutuama na kuganda kwa ukaidi zaidi zikiachwa bila kutumika. Mwenye mashine ya aina hiyo anaweza kukuta mweusi umegoma peke yake hata kama tangi halikuwahi kupungua na kikofia ni safi, na matumaini yake yawe madogo kuliko yangu ya Julai. Pia asijaribu kumimina wino wa aina moja kwenye tangi la aina nyingine kwa sababu tu chupa zote zimeandikwa mweusi.

Fundi aliyenitangulia sikumlaumu mbele ya mama, wala simlaumu hapa. Alichokosa ni ile dakika kumi ya kitambaa na yale matone ya maji kwenye kikofia. Bila vipimo hivyo viwili, ukurasa mtupu baada ya usafishaji mara saba unaonekana kweli kama kifo cha kichwa, na mwenye duka angelipa nusu ya bei ya mashine mpya, kisha kichwa kipya kingekutana na mrija ule ule wenye hewa na kikofia kile kile kisichofumba. Hilo ndilo linalonisukuma kuandika kisa hiki kwa urefu wake: gharama ya kosa hubebwa na mtu ambaye hawezi kulitambua.

Tulikubaliana mambo machache na mama. Printa izimwe kwa kitufe chake, taa ikimaliza kumetameta ndipo ekstensheni ichomolewe. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine iwashwe mara tu umeme unaporudi, hata kama duka linafungwa, ili kichwa kirudi mahali pake. Wino mweusi uongezwe unapokaribia mstari na si unapoupita. Na wakati wa likizo ukurasa mmoja wenye rangi zote uchapwe kila wiki. Binti aliandika mambo hayo kwa kalamu ya mkono kwenye kipande cha karatasi na kukibandika juu ya soketi.

Nilipita tena dukani hapo katikati ya Januari, shule zilipofunguliwa baada ya likizo ya Desemba. Kwenye droo walikuwa wamehifadhi kurasa tano za majaribio, moja kwa kila wiki, zikiwa na tarehe. Nilizipanga kwa mfuatano juu ya kaunta. Katika ule wa kwanza, mapengo ya mweusi yalikuwa mawili; katika ule wa mwisho lilibaki moja.